Maswali ya Wasomaji: Gesi kuzunguka Beta Pictoris

SWALI: Nimesoma kwamba diski ya vumbi ya nyota Beta Pictoris ina gesi pia. Inapimwaje, na tunajuaje kwamba si gesi iliyoelea tu njiani kati yetu na nyota?

JIBU: Bahati nzuri, diski hiyo tunaiona kwa ubavu, hivyo mwanga wa nyota hupenya ndani yake kabla ya kutufikia. Mwanga ukitawanywa katika rangi zake, kila aina ya gesi huacha mstari mweusi pale inapoufyonza; tazama ule wa kalisi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 393.4. Nyota yenyewe huzunguka kwa kasi kubwa, kwa hiyo mstari wake ni mpana mno, kama bonde. Chini kabisa ya bonde hilo hukaa mstari mwembamba wa gesi. Tumia spektrografu (chombo cha kutawanya mwanga katika rangi zake) yenye uwezo wa kutenganisha wa 100,000, yaani inayotofautisha miendo iliyoachana kwa takriban kilomita 3 kwa sekunde. Ukitumia ya 10,000, mstari huo husambaa na kukaribia kupotea.

Kuhusu gesi ya njiani, pima nyota jirani katika uelekeo huohuo: mstari ukionekana kwenye zote kwa mwendo uleule, si wa diski. Wa Beta Pictoris husafiri pamoja na nyota, kama kilomita 20 kwa sekunde. Kisha rudia kupima usiku mwingine, maana hapa ndipo penye utamu: mistari mingine huzuka na kutoweka kwa saa au siku chache, ikiwa imesogea upande mwekundu wa rangi, ishara ya gesi inayokwenda mbali nasi kuelekea nyota. Hizo ni kometi (nyota zenye mkia, yaani magimba ya barafu na vumbi) zinazovukizwa karibu na nyota.

Gesi nyingine ya diski, kaboni monoksaidi, hutafutwa kwa darubini za redio za ALMA, Chile, kwenye masafa ya gigahezi 345.8.