Nina H. pailori, je ni paka wamenipa?

SWALI: Asalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Mji wa Kale, tumbo lanichoma miezi sasa, nikapima damu nikaambiwa nina H. pailori. Mamamkwe ashaamua ni paka, ati wanaingia jikoni walamba masufuria, ataka niwatie kwa gunia nikawaache Kongowea sokoni, na watoto wanalia. Ni kweli bakteria hawa hutoka kwa paka?

JIBU: Waaleikum salam dadangu, pole sana. Paka usiwatupe. H. pailori ni bakteria wa tumbo la watu, tunaambukizana wenyewe kwa mate, matapishi na choo, na wengi humpata utotoni humo humo nyumbani. Ile habari ya paka ilianzia Marekani mwaka 1994, watafiti walimkuta kwa paka wa maabara, lakini paka wa mitaani walipopimwa baadaye hawakuwa naye, ikadhaniwa wale wa maabara waliambukizwa na binadamu.

Lakini mamamkwe hajakosea yote, manake paka na mbwa wana helikobakta wao (hiyo ndiyo H. ya H. pailori, ni jamii moja), felis na heilmannii, na nguruwe ana suis, na hawa mara chache hupatikana kwa tumbo la mtu na huweza kulivimbisha. Kwa darubini utawaona warefu wamejisokota kama skrubu, pailori ni mfupi. Kujua hasa ni yupi mpaka utiwe kamera ya tumbo, kitolewe kinyama kidogo kifanyiwe PCR, yaani kipimo cha vinasaba vya bakteria, kile kipimo cha choo cha kawaida kinamtafuta pailori tu, hao wengine chaweza kuwapita.

Sasa wewe hiyo damu isikutoshe kabisa. Inaonyesha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupigana na bakteria, na kingamwili hubaki hata mtu akishapona, kwa hivyo omba kipimo cha choo au cha pumzi, na umwambie daktari kama watumia omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, coz huwa inasimamishwa wiki mbili kabla, antibiotiki wiki nne, la sivyo majibu yaweza kudanganya. Ukiona choo cheusi tii, watapika damu au wakonda bila sababu, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Masufuria yafunike, watoto wanawe mikono kwa sabuni wakishacheza na paka, na baba watoto kama naye tumbo lamsumbua mwende mkapimwe pamoja.