Kabla Hujaangalia Shabaha, Sema Risasi Imeenda Wapi

Wapigaji wapya ninaokutana nao kwenye uwanja wa shabaha hapa Nairobi huniuliza jambo moja: mbona risasi hii imeingia kumi, duara la katikati kabisa, na inayofuata imepotelea saba, duara la nje zaidi? Kabla sijajibu, mkono wa mwulizaji tayari uko kwenye skrubu za kulengea, unazizungusha.

Tafadhali ziache kwanza. Risasi moja haikuelezi lolote. Piga tano, kumi zikiwezekana, bila kugusa kitu, uone zinakusanyika wapi. Zikikusanyika pamoja, hata iwe kushoto chini, kazi iliyobaki ni ndogo: skrubu zitalihamisha kundi lote hadi katikati. Zikitawanyika, tatizo liko mwilini mwako, na huko ndiko pa kuanzia.

Fikiria bunduki ya upepo, inayopigwa shabaha ikiwa mita 10. Duara la kumi ni nukta ya nusu milimita. Shindano rasmi ni risasi 60 ndani ya dakika 75, umesimama muda wote, na kanuni zinaruhusu bunduki ya hadi kilo 5.5. Misuli haiwezi kubeba uzito huo kwa muda huo bila kutetemeka, kwa hiyo iachie mifupa ibebe. Kama unatumia mkono wa kulia, sukuma nyonga ya kushoto kuelekea shabaha na uegemeze kiwiko cha kushoto ubavuni, juu ya mfupa wa nyonga. Mkono huo usikamate bunduki. Uwe nguzo tu.

Sasa fumba macho. Vuta pumzi mara mbili tatu, tulia, kisha fumbua. Bunduki inaelekea wapi? Ikiwa imeenda kulia, usiirudishe kwa mkono. Sogeza mguu kidogo, ufumbe macho tena, upime upya. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachosha, lakini kwa maoni yangu haina mbadala. Ukiivuta bunduki kwa nguvu hadi kwenye nukta, itarudi ilikotaka kwenda mara tu unapofyatua, na risasi itaifuata.

Pumzi ni jambo jepesi kuliko linavyosemwa. Toa kama kawaida, simama pale inapoishia yenyewe, ufyatue ndani ya sekunde tano hadi nane. Zikipita, shusha bunduki uanze upya. Jicho lililokodoa muda mrefu huanza kukuonyesha picha ya zamani ukidhani ni ya sasa. Kushusha si aibu hata kidogo. Wapigaji bora duniani hushusha mbele ya kamera.

Kidole nacho kisukume kifyatulio moja kwa moja kurudi nyuma, polepole, shinikizo likiongezeka. Asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi ikikaza vidole, vaa glavu mpaka dakika ya mwisho, maana kidole kilichokufa ganzi hakihisi kituo cha kwanza cha kifyatulio, pale kinapokaza kabla ya kufyatua.

Risasi ikishatoka, bado hujamaliza. Kaa hivyo hivyo, shavu kwenye kitako, jicho kwenye tundu la kulengea, mpaka bunduki itulie tena. Mwili unaojiandaa kuacha mkao huanza kusogea kabla risasi haijatoka mtutuni. Hapo ndipo nataka ufanye jambo ninaloliamini kuliko yote niliyoandika hapa: kabla hujaangalia skrini au darubini, sema risasi imeenda wapi. "Tisa, saa mbili," yaani duara la tisa, kulia juu, penye namba 2 ya uso wa saa. Andika daftarini, kisha ndipo utazame. Ukisema saa mbili na iko saa mbili, uliona picha sahihi wakati wa kufyatua, na unajua la kurekebisha. Ukisema kumi ukaikuta saba, ama ulipepesa jicho ama uliinua kichwa. Baada ya majuma kadhaa daftari hilo litakufundisha kuliko kocha anayekuona Jumamosi pekee.

Mazoezi bila risasi ni ya maana kama yale ya uwanjani, hasa kwa bei ya risasi siku hizi. Ila bunduki ya kulengea ni silaha. Leseni yake hutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Risasi zibaki chumba kingine, chemba, sehemu risasi inapokaa, ikaguliwe mara mbili, na uelekee ukuta wa mawe, kamwe usielekee mlango wala ukuta mwembamba wa jirani wa ghorofani. Bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo za baruti, usiifyatue tupu bila kuuliza fundi, kwani pini inayogonga risasi inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kama bunduki yako hubaki klabuni, simama nyumbani kwa mkao ule ule, macho yamefumbwa, usikilize uzito unakaa mguu gani. Ukiyumba mbele na nyuma, badilisha nafasi kati ya miguu, upime tena kesho yake.