Uliza Ujibiwe: Bunduki za kwenye filamu

*Kwenye kibanda umiza kimoja hapa Majengo tulibishana mpaka mwenye kibanda akatufukuza. Jambazi kapigwa risasi moja ya bastola, akarushwa nyuma akavunja kioo cha duka. Mwenzangu anasema ndivyo risasi ilivyo na nguvu. Ni kweli?* (Msomaji, Dodoma mjini)

Mwenzako hesabu zimemtupa. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina gramu 8 hivi, na hutoka kwa kasi ya mita 360 hivi kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, kisha gawanya kwa mtu wa kilo 70: anasukumwa kwa sentimita 4 kwa sekunde. Kikumbo cha mlangoni mwa daladala kina nguvu zaidi. Aliyepigwa huanguka palepale, au haanguki mara moja. Halafu bunduki humrudishia mpigaji msukumo ule ule inaoipa risasi, kwa hiyo jambazi akiruka, na aliyempiga alipaswa kuruka. Kwenye filamu mwigizaji huvalishwa mkanda ndani ya shati na kuvutwa kwa waya. Mtazame vizuri: kiuno hutangulia, kichwa na mikono hufuata.

*Kile kibomba kinachofungwa mdomoni mwa bastola, kweli mlio unakuwa "fyu" tu, hata aliyelala chumba cha pili asisikie?* (Msomaji, Mpwapwa)

Atasikia, na ataamka. Mlio wa bastola ni desibeli 160 hivi. Ndani ya kizuia sauti kuna vijichumba vya chuma. Gesi ya baruti hupita humo ikipoa na kupungua nguvu kabla ya kutoka. Mlio hushuka kwa desibeli 20 hadi 35, ukabaki kwenye 130 hivi. Mashine ya kusaga unga, hata ukisimama kando yake, haifiki hapo.

Na kuna mlio wa pili ambao kibomba hakiugusi. Risasi ikipita kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, hupasua hewa njia nzima. Anayelima kwa plau la ng'ombe anaujua mlio huo bila kushika bunduki: mjeledi ukilia "ta!", ncha yake imepita kasi ya sauti. Ziko risasi nzito za mwendo mdogo zinazoukwepa, lakini hata hapo chuma cha bastola kinachorudi nyuma na kutema ganda hugonga kwa sauti.

*Mlango wa gari unazuia risasi? Na tangi la petroli likipigwa, gari linalipuka?* (Msomaji, Manyoni)

Mlango ni mabati mawili membamba, kila moja chini ya milimita moja, na plastiki; hata risasi ya bastola kwa kawaida hupenya. Kinachoweza kuzuia ni bloku ya injini. Tangi hutoboka na kuvuja, basi. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kama asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na ndani ya tangi kwa kawaida umezidi mno kiasi hicho. Hatari huja petroli iliyomwagika chini ikikutana na moto au waya unaopiga shoti.

*Kwa nini shujaa haishiwi risasi?* (Msomaji, Kondoa)

Kwa sababu mhariri wa filamu anakata picha. Magazini ya kawaida ya AK-47 hubeba risasi 30, nayo hupiga 600 hivi kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukiibana bila kuachia, inakauka kwa sekunde 3. Hesabu siku nyingine: itakuwa imekauka kabla DJ hajamaliza kutafsiri sentensi moja.