Kwa muuguzi anayerudi zamu akiwa na mtoto mchanga nyumbani

Mdogo wangu unayejiandaa kurudi wodini baada ya likizo ya uzazi, nakuandikia nikiwa nimefanya kazi ya uuguzi jijini Dar es Salaam kwa miaka 13 na kulea watoto watatu ndani ya miaka hiyo, wawili wao wakiwa wamepishana kwa mwaka mmoja na nusu tu. Sitakupangia ratiba ya kubandika ukutani, kwa kuwa zamu zetu hubadilika kila wiki na mtoto naye hubadilika kila mwezi. Ninachotaka kukueleza ni kwamba muda wetu mwingi hupotea kwenye makabidhiano, yaani pale unapomwachia mtu mwingine mtoto alfajiri na pale unapompokea jioni.

Kazini jambo hili tunalijua vizuri. Hakuna muuguzi anayetoka zamu bila kutoa ripoti: mgonjwa wa kitanda cha tatu alipewa dawa saa ngapi, dripu itakwisha lini, nani anasubiri majibu ya maabara. Nyumbani, hata hivyo, nilikuwa naondoka saa 11 alfajiri huku nikitoa maagizo nikiwa mlangoni, na dada anayenisaidia kazi akiyapokea akiwa bado na usingizi, na matokeo yake simu yangu ililia mara tatu au nne kila siku kwa maswali ambayo ningeweza kuyajibu kabla hayajaulizwa. Siku moja mtoto wangu wa kwanza alikuwa na homa, nami nikampa dawa ya maji ya kushusha homa kabla ya kuondoka bila kumwambia mtu yeyote. Saa moja baadaye dada naye akampa dawa ileile. Mtoto hakupata madhara, lakini mimi ninayepima dozi za watoto wa wenzangu kila siku nilikaa na jambo hilo moyoni kwa muda mrefu, na jioni ile nilinunua daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida la shule, lenye mistari ya safu tano niliyoichora kwa rula: saa, alichokula au kunywa, usingizi, choo na mkojo, na dawa. Safu ya dawa niliipiga mstari mwekundu, na sharti lake ni kwamba aliyempa mtoto dawa anaandika kabla hajaifunga chupa. Kama msaidizi wako hajazoea kuandika, mkubaliane alama za kuweka, kwa mfano duara kwa kikombe cha maziwa na mstari kwa kulala. Wangu alianza hivyo, na baada ya miezi michache akawa anaandika sentensi nzima. Ukirudi jioni, mchukue mtoto kwanza, umnyonyeshe, kisha usome daftari. Kumhoji dada maswali kumi ukiwa ndiyo kwanza unavua viatu kunamfanya ajione anatuhumiwa, naye ataanza kukujibu yale anayodhani unataka kuyasikia.

Hapo naomba niseme neno kuhusu dada huyu, kwa sababu mama wengi hupanga muda wao wote juu ya mgongo wake na kumsahau. Naye ni mfanyakazi, naye huchoka, na anastahili siku nzima ya kupumzika kila wiki pamoja na mshahara unaolipwa tarehe mliyokubaliana. Kila mara nilipoachwa na msaidizi ghafla nilitumia wiki kadhaa kumtafuta mwingine na kumfundisha, huku nikibadilishana zamu na wenzangu hadi nikaona aibu kuomba tena. Siku yake ya mapumziko niliipanga iwe siku ambayo mimi au baba wa watoto yuko nyumbani, na sikuigusa hata pale nilipokuwa na shughuli.

Kuhusu kunyonyesha, jua haki yako mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili hiyo. Wengi wetu hatuziombi kwa kuwaonea huruma wenzetu wakati wodi ina wauguzi wachache, nami ninaielewa huruma hiyo. Ziombe, lakini nenda na pendekezo mkononi. Mimi niliishi mbali na kazini, kwa hiyo niliomba kuondoka saa mbili mapema. Mwenzangu aliyeishi jirani na hospitali alizigawa mara mbili.

Anza kukamua maziwa wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, ili mtoto azoee kulishwa kwa kikombe na mtu mwingine angali anakuona karibu. Kwa joto la Dar es Salaam usitegemee kuyaacha mezani, maana kipimo cha muda wa saa 4 tunachofundisha ni cha chumba kisichozidi nyuzi 25. Yaweke kwenye jokofu, ambako hukaa hadi siku 4, na uandike tarehe kwenye kila chombo. Yapashwe kwa kukiweka chombo ndani ya maji ya moto, yasichemshwe jikoni.

Zamu ya usiku ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa nilirudi asubuhi nikaona nguo chafu na kuanza kufua, nikijiambia kwamba nitalala mtoto atakapolala. Muuguzi asiyelala ni hatari kwa wagonjwa wake. Nilikubaliana na watu wa nyumbani kwamba kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana mlango wa chumba changu unafungwa, mtoto anakuwa na bibi yake, na nguo zinasubiri.

Mwisho, chukua kadi ya kliniki sasa hivi uhesabu siku. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na zile za mwezi wa 9 na wa 18, zinajulikana tangu siku mtoto alipozaliwa, na bado nimewaona wauguzi wakiomba ruhusa ya kliniki jioni ya kuamkia siku yenyewe. Gawaneni tarehe hizo na baba yake. Wangu alipeleka watoto mara nyingi kuliko mimi. Zile zitakazobaki kwako mpelekee kiongozi wa wodi kwa maandishi kabla hajapanga zamu za mwezi, kwani ratiba ikishabandikwa, kila siku unayoomba ibadilishwe inachukuliwa kutoka kwa mwenzako ambaye naye ana nyumba.