Je, Niongeze Dau Kabla Neno Langu Halijazimwa?

Swali: Nauza leso mtandaoni hapa Mombasa, na matangazo yangu ya Google nayalipia kwa kila mbofyo. Neno "leso za harusi" nimelitilia dau (kiasi cha juu ninachokubali kulipa kwa mbofyo) la shilingi 40, lakini mwenzangu aliyeweka 25 yuko juu yangu. Niongeze kabla neno langu halijazimwa?

Jibu: Usiongeze kwanza. Google hupanga matangazo kwa mnada, na katika mnada huu dau hupimwa pamoja na ubora wa tangazo na wa ukurasa unaofunguka mteja anapobofya. Kwa hesabu iliyorahisishwa, 40 yako kwa ubora wa 4 ni 160, ilhali 25 ya mwenzako kwa ubora wa 8 ni 200. Naye atalipa takriban 20 tu, kiasi cha kukupita. Kuhusu kuzimwa, kati ya 2005 na 2008 neno lenye dau lililopungua kima cha chini cha Google lilizimwa. Siku hizi huendelea kushiriki, ingawa huenda lisionekane ukurasa wa kwanza. Linalosimamishwa, tangu 2024, ni lile ambalo halijaonyeshwa hata mara moja kwa miezi 13. Shughulikia ukurasa wako, kwani mteja aliyetafuta leso za harusi akifikishwa kwenye orodha ya vitambaa vyote vya dukani (kosa ninalokutana nalo kila mara), ataondoka bila kununua, na mbofyo umeshaulipia.