Bulgogi ya halali Seoul, ukiwa peke yako

Ndugu, nimekuelewa: unapita Seoul peke yako, unatamani bulgogi, ile nyama ya ng'ombe ya Kikorea iliyokolezwa viungo na kuchomwa, ila uhalali wake unakutia wasiwasi. Nenda Itaewon, karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul. Migahawa ya halali ipo. Kwingineko usiridhike kuambiwa ni nyama ya ng'ombe tu. Huwa imelowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, vitunguu saumu, mafuta ya ufuta na peasi, na wapishi wengi huongeza mvinyo wa mchele. Uliza hilo waziwazi.

Kwenye migahawa ya kuchoma nyama mezani mara nyingi wanataka oda ya watu wawili, kwa hiyo agiza ttukbaegi bulgogi: chungu cha mtu mmoja, pamoja na wali. Tamu mno! Ukiwa na mzio wa soya, ngano au ufuta, muone daktari kabla ya kusafiri.