Mtoto kanywa dawa lakini anacheza: tusimpime kwa macho

Dada uliyeuliza kama kuna hatari kwa mwanao wa miaka miwili aliyekutwa na chupa ya paracetamol ya maji, ilhali anacheza na amekula vizuri: nenda hospitali sasa hivi na chupa mkononi, haya mengine utayasoma njiani.

Mimi ni muuguzi wodi ya watoto, na huyo anayecheza ndiye hunitia wasiwasi. Paracetamol haina haraka. Siku nzima ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima, pengine atapike mara moja tu, kumbe ini linaharibika. Macho kuwa ya manjano ni mambo ya siku ya pili au ya tatu, wakati dawa ya kulinda ini hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu anywe.

Kwa hiyo hapo tunapiga hesabu. Kuna mama alikuja na chupa ya mililita 100, kila mililita 5 ina miligramu 120, zimebaki kama mililita 10. "Nyingi ilimwagika kitandani," akasema. Huenda. Ila sisi huchukulia kwamba yote iliyopungua imeingia tumboni: mililita 90, sawa na miligramu 2,160. Tukampima mtoto, kilo 12. Ukigawanya unapata 180 kwa kila kilo, na kuanzia 150 hatuna mzaha tena. Damu ilichukuliwa saa 4 tangu anywe, maana kabla ya hapo kipimo hudanganya.

Mafuta ya taa ni kinyume chake. Pale sihangaiki na kiasi, naangalia kifua. Funda moja likipalia mapafuni linatosha kumlaza mtoto, ndiyo maana hatapishwi (wala maziwa, jamani, hayasafishi kitu). Nafunua shati nahesabu pumzi dakika nzima. Kwa wa miaka 1 hadi 5, zikifika 40 anapumua haraka kupita kawaida; mbavu zikibonyea, hali ni kali. Asiye na kikohozi tunakaa naye saa 6 kabla ya kumruhusu.

Usingizi usioamshika, degedege, midomo ya bluu, au mate yanayotiririka huku mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano (hiyo ni dalili ya dawa ya wadudu) havingoji hesabu yoyote.

Na kama nyumbani kuna bibi mwenye kisukari, mwambie mtu aliyebaki ahesabu vidonge vyake. Vingine, hata kimoja tu, hushusha sukari ya mtoto saa nyingi baadaye, usiku amelala.